Kwapa Lililowaka Bure

Nyinyi wanafunzi wa uuguzi mnaopita kwangu hapa Rumonge kila mnapopata mapumziko, mnapenda kuniuliza swali lile lile: "Mama Zaituni, ni kweli ulikuwa unadunga mtu sukari halafu anawaka ndani?" Ni kweli, wanangu. Na kila nikiulizwa mwili unanisisimka kama siku ya kwanza. Nimestaafu, magoti yanagoma, lakini jambo hili siwezi kulieleza nikiwa nimekaa. Hata sasa naandika mistari miwili, nainuka, nazunguka meza, narudi.

Nianze na kitu chenyewe. Seli za limfoma, hiyo saratani inayoanzia kwenye tezi, nyingi zina njaa kali. Zinakula sukari kuliko jirani zake. Basi watu wenye akili wakaona: tuchukue sukari, tuiunganishe na chembe inayotoa mionzi, tuiingize kwenye mshipa, tusubiri kama saa moja. Halafu mgonjwa analala kitandani, kitanda kinaingia polepole kwenye mashine yenye tundu kama pete kubwa, na mashine inachora mahali sukari ilikokwenda. Penye njaa panawaka. Ekografi mnayoijua, ile picha ya mawimbi ya sauti, inakuonyesha tezi ni kubwa au ndogo. Hii inakuonyesha tezi inafanya nini. Jamani! Mara ya kwanza kuiona ile picha ikijijenga kwenye kioo cha kompyuta, kuanzia mapaja mpaka usawa wa macho, nilipiga kelele mbele ya watu wazima. Mzee Onyango, fundi aliyenifundisha kazi kule Nairobi, alinitazama juu ya miwani akasema, "Siku utakayoacha kushangaa uniambie, nikutafutie kazi nyingine."

Sikuwahi kumwambia.

Kwa nini tunataka kujua sukari imekwenda wapi? Kwa sababu daktari hawezi kuchagua dawa bila kujua ugonjwa umefika wapi. Mwili una makundi ya tezi: shingoni, kwapani, kifuani, tumboni, kinenani. Katikati kuna kiwambo, ule msuli wa kupumulia unaogawa kifua na tumbo. Ugonjwa ukikaa kwenye kundi moja tu, hilo ni daraja la kwanza. Makundi mawili au zaidi lakini upande mmoja wa kiwambo, la pili. Ukiwa juu na chini ya kiwambo, la tatu. Ukiingia kwenye viungo kama ini au uboho wa mifupa, mara nyingi ni la nne. Kila daraja na matibabu yake. Shikeni hapo kwenye la kwanza na la tatu, maana ndipo nilipokaribia kumpoteza mtu.

Lakini kwanza mcheke kidogo. Nilipoanza hatukuwa na sukari. Tulikuwa na galiamu, chembe nyingine inayotoa mionzi. Ulimdunga mgonjwa Jumatatu, ukampiga picha Alhamisi. Siku tatu! Na katikati unampa dawa ya kuharisha, kwa sababu galiamu inapita tumboni na utumbo nao unawaka, usijue kipi ugonjwa na kipi chakula cha jana. Wagonjwa walinichukia kwa ile dawa. Picha yenyewe ilikuwa ukungu mtupu. Mzee Onyango aliisoma kwa kuinamisha kichwa huku na huku, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye picha ya harusi ya zamani, halafu anasema, "Hapa." Na mara nyingi ni hapo kweli.

Sukari ilipokuja, yeye ndiye aliyenionya kwamba haina adabu. Inakwenda popote penye kazi. Mbeba mizigo mmoja aliogopa kuchelewa, akapanda ngazi mbio. Mapaja yakawaka kama makaa. Mama mmoja alitafuna bazoka saa nzima ya kusubiri, tukapata taya linalong'aa na ugonjwa hatuuoni vizuri. Msichana mmoja aliachwa kwenye chumba chenye baridi, na mafuta ya shingoni yaliyokuwa yanajitahidi kumpasha joto yakawaka pande zote mbili, daktari akashtuka bure. Kuna bwana mmoja aliyeapa hajala tangu jana, kumbe ameficha ndizi mbili mfukoni na kuzila chooni! Misuli yake ikanyonya sukari yote, picha ikawa haina maana, akarudi wiki iliyofuata. Kwa hiyo: mgonjwa afunge kula kwa saa sita, apimwe sukari ya damu, apewe blanketi nzito, alale kimya, asisome, asipige simu, asitafune. Na wewe uandike kila kitu. Mkono gani umedunga, saa ngapi, nini kimetokea. Mzee Onyango alikuwa akigonga fomu kwa kalamu: "Picha haijui ulichofanya. Fomu ndiyo inayojua."

Maneno haya niliwafundisha wengine miaka mingi. Halafu nikayavunja mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilikuja likizo nyumbani Burundi, nikaenda Kizuka kwa kaka yangu mwenye kinu cha kukamulia mawese. Nimesimama pale napiga soga na akina mama wanaochambua ngazi, yale matunda ya mchikichi, akaja mwalimu wa shule ya msingi, Evariste, amebeba bidoni, dumu lake la mawese, nyuma ya baiskeli. Nilimjua tangu zamani. Ni mmoja wa wale waliokulia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania wakarudi wakubwa, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sisi wa mjini. Mkewe, Domitila, alikuwa nyuma yake na kikapu.

Bidoni ikajazwa, ikafungwa. Badala ya kupanda baiskeli, Evariste akaanza kuisukuma.

"Mwalimu," nikamwambia, "toka lini unatembeza baiskeli kama mbuzi?"

Akacheka. Domitila hakucheka. "Hawezi kunyanyua muguu, Mama Zaituni. Iko na kitu hapa." Akajigusa kinenani bila aibu. "Banasema iko jipu. Dawa amekunywa mara mbili, jipu haliishi."

"Linauma?"

"Hapana," akasema Evariste. "Lingeuma ningelishughulikia mapema."

Hapo nikaacha soga. Wanangu, jipu linauma. Tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda cha mguu inauma. Tezi ngumu kama mpira, inayokua kwa miezi na haiumi, hiyo msiiache iondoke mlangoni kwenu. Nilimuuliza kama anatoka jasho la kulowesha shuka, kama amepungua. Akasema jasho hapana, suruali ndiyo imelegea kidogo. Nikamwambia aende Bujumbura wakate kipande cha tezi wakiangalie kwa hadubini. Akasema ana darasa la sita, mtihani unakaribia. Domitila akaweka kikapu chini.

"Darasa la sita litakuzika?" akamuuliza.

Alikwenda. Majibu yalinikuta nimesharudi Nairobi: limfoma. Daktari wa Bujumbura akataka kujua imefika wapi, na mashine ya sukari hatuna kwetu. Ndugu wakasaidiana, safari ikapatikana, na asubuhi moja nikatoka kumwita mgonjwa wa kwanza, nikawaona wameketi bega kwa bega, Evariste amevaa koti la kwenda kanisani.

"Amahoro, Dada Zaituni!" Evariste akanisalimu kwa Kirundi.

Mjue furaha niliyoipata. Miaka yote ile Nairobi, na sasa watu wa kwetu wako kwenye korido yangu! Sikumwachia mtu mwingine. Nikampima sukari, nikamuuliza maswali, nikamkalisha kwenye kiti cha kudungia. Wakati gari lililoleta dawa, ile sukari yenye mionzi, linapakuliwa chombo chake cha madini ya risasi, sisi tunapiga stori. Domitila, anayesubiri mlangoni, akauliza, "Akimaliza hii kazi, huku Nairobi tutapata wapi mboga ya lengalenga na samaki? Mutu wangu hajakula tangu jana." Nikamwelekeza kwa mama mmoja Mkongomani, mtaa wa tatu kutoka hospitali, anayepika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki kama wa ziwani.

Halafu sauti ya Evariste ikashuka. "Dada, nikuambie ukweli. Kama imepanda juu, kama imetapakaa, mimi sianzi dawa. Nimeona watu kambini walivyoisha mikononi mwa dawa na bado wakafa. Nitarudi Kizuka, nikae na watoto wangu wa darasa la sita mpaka niishe."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Domitila anajua."

Mlangoni Domitila alikuwa anatazama sakafu.

Ili kumtoa kwenye mawazo yale nikamtania kuhusu baiskeli, yeye akanijibu kuhusu uzito wangu, tukacheka wote wawili. Na katikati ya kicheko kile nikaingiza kipira cha sindano, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa, kwenye mkono wake wa kulia, penye kiwiko. Kabla ya kuingiza dawa unatakiwa upitishe maji ya chumvi, utazame ngozi, upapase, uhakikishe njia imo ndani ya mshipa. Nilipitisha maji huku namwangalia usoni. Sikuangalia mkono.

Dawa ikaingia. Nilipokuja kuchomoa nikaona kivimbe, kidogo kama punje ya harage, pembeni ya tundu la sindano. Nikabonyeza pamba. Nikajiambia ni kidogo tu. Nikampeleka kwenye chumba cha kupumzika, nikamfunika blanketi mbili. Kwenye fomu nikaandika saa, nikaandika mkono wa kulia. Kuhusu kivimbe sikuandika kitu.

Saa moja baadaye akaingia mashineni, mikono juu ya kichwa kama anavyotakiwa, ili isizibe kifua. Picha ikatoka safi. Nikamwambia anaweza kwenda kula, arudi kesho kuonana na daktari. Wakaondoka.

Dokta Mutiso ndiye aliyekuwa anasoma picha. Mtu mpole, mrefu, anakula karanga siku nzima. Aliniita.

"Ni yule ndugu yako wa Burundi? Pole."

Nikatazama kioo. Kinenani kushoto, kundi la tezi linawaka, hilo tulilitegemea. Tumbo, hakuna. Kifua, hakuna. Shingo, hakuna. Na kwapani upande wa kulia, doa moja. Dogo, la mviringo, linang'aa kama jicho la paka.

"Chini ya kiwambo na juu ya kiwambo," akasema. "Daraja la tatu." Akaanza kuandika.

Kwapa la kulia. Mkono wa kulia. Wanangu, ile baridi iliyonipanda sikuwahi kuijua. Maana dawa ikimwagika nje ya mshipa haibaki pale. Njia za limfu zinaizoa taratibu na kuipeleka kwenye tezi ya karibu, na tezi ya karibu na kiwiko ni ya kwapani. Tezi nzima, isiyo na kosa lolote, inapokea dawa yako na kuwaka. Na kwa kuwa mikono ilikuwa juu, kiwiko hakikuingia kwenye picha. Dokta Mutiso hakuwa na namna ya kujua. Duniani aliyekiona kile kivimbe nilikuwa mimi peke yangu.

Nitawaambia ukweli, maana kama siwaambii ukweli basi sina haja ya kuwaandikia. Nilinyamaza. Si kwa muda mrefu, lakini nilinyamaza. Niliwaza jina langu. Niliwaza wale vijana niliokuwa nawakaripia kwa kutoandika fomu. Niliwaza labda kweli ni ugonjwa, nani ajuaye, na mimi nitajichafua bure. Kalamu ya Dokta Mutiso inakwenda. Kisha nikamwona Evariste anaisukuma baiskeli kurudi Kizuka, amekataa dawa, kwa sababu ya doa nililolitengeneza mimi nikicheka.

"Dokta, simama kwanza."

Akasimamisha kalamu.

"Nilidunga kulia. Dawa ilimwagika kidogo. Nilikiona kivimbe. Sikuandika."

Nilitegemea anifokee. Alisukuma karanga pembeni, akanitazama, akauliza swali moja: "Yuko wapi?"

"Ameenda kula."

"Umemdunga saa ngapi?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa midomo. Dawa ile hupungua nusu yake kila baada ya muda unaokaribia saa mbili. Kama mkono bado una dawa iliyomwagika, tungeiona kwa kuupiga picha sasa hivi, umeshushwa. Tukichelewa, ushahidi unayeyuka.

"Mpigie."

Nikapiga simu ya Domitila. Laini ya Burundi, haipatikani. Ya Evariste vile vile.

Basi nikakimbia! Mwanamke mzima, na koti langu la kazi, na kile kipima mionzi kinaning'inia kifuani, nikatoka getini askari akidhani kuna moto. Mtaa wa kwanza, wa pili. Kiatu kimoja kikabaki kwenye mtaro. Wa tatu, nikaingia kwa yule mama Mkongomani natweta, nikawaona kwenye meza ya pembeni. Wamenawa. Sahani imeshafika. Evariste amekunja tonge la ugali, liko njiani kwenda mdomoni.

"Weka chini!" nikapiga kelele. "Twende! Inakufa!"

Tonge likaanguka. Hoteli nzima ikageuka. Domitila akasimama, uso umembadilika. "Nani anakufa? Anakufa mutu wangu?"

"Dawa! Dawa ndiyo inakufa! Siyo yeye!"

"Dawa gani inakufa? Mumemutia nini?"

"Domitila, nitakueleza njiani. Nimekosea mimi. Tunataka picha ya mkono."

Evariste aliinuka. Domitila hakuondoka mikono mitupu; alimwambia mama mwenye hoteli, "Bakuli lako nitarudisha," akamimina sahani mbili za samaki na sombe ndani, akafunika kwa sahani nyingine, akatufuata. Tulirudi haraka haraka, Evariste anachechemea, mimi naeleza vipande vipande huku pumzi imekata, Domitila nyuma yetu na bakuli, ananuka mawese na hasira.

Dokta Mutiso mwenyewe alikuwa ameshawasha mashine. Tukamlaza Evariste, mkono wa kulia chini, umelala ubavuni. Nikarudi nyuma ya kioo. Picha za mkono hazichukui muda, lakini zile dakika chache nilizisubiri nimesimama kwa mguu mmoja.

Ikaanza kutokea. Kwenye kiwiko, doa kubwa, linawaka. Na kutoka kwenye kiwiko, mstari mwembamba unapanda ndani ya mkono, umenyooka, mpaka kwapani, pale pale lilipokuwa lile jicho la paka. Njia nzima ilionekana! Kama mtu amechora kwa kalamu dawa ilikotoka na ilikokwenda.

"Aah," akasema Dokta Mutiso, pole pole. "Hiyo si limfoma. Hiyo ni sindano yako."

Nililia na kucheka pamoja. Sijawahi kufurahi hivyo kuonyeshwa kosa langu.

Hakuishia hapo, na hili mlishike. Mstari ule ulieleza doa, lakini yeye alitaka kutoacha shaka. Akaagiza ekografi ya kwapa. Tezi ilikuwa ndogo, yenye umbo lake la kawaida kama harage, na mafuta yake katikati. Ndipo akaandika ripoti upya: kundi moja la tezi, kinenani kushoto, daraja la kwanza. Akaandika pia kwamba dawa ilimwagika kwenye mkono wa kulia. Akanigeuzia karatasi niisome kwanza kabla hajatia sahihi.

Kumweleza Evariste nilikwenda mwenyewe. Walikuwa kwenye benchi la korido, bakuli katikati yao, wanakula kwa mikono. Nikachuchumaa mbele yao, nikasema yote: kicheko, maji ya chumvi, kivimbe, fomu, na ukimya wangu mbele ya daktari. Hata ukimya niliutaja.

Evariste alitafuna, akameza. "Watoto wangu wakikosea hesabu," akasema, "wanafunika daftari kwa mkono. Nawaambia kila siku, toa mkono nione ulipokosea. Wengine hawatoi mpaka kengele inalia." Akanisogezea bakuli. "Kula, Dada. Umekimbia sana."

Domitila hakunisogezea kitu. "Ningekuwa nimemurudisha nyumbani," akasema. "Kwa sababu ya kucheka kwako." Na alikuwa sahihi, kwa hiyo sikujitetea. Msidhani kila mnayemwomba msamaha atawapa hapo hapo. Wengine wanahitaji kwanza kuona mtu wao amepona.

Evariste alianza dawa. Kwa daraja lake ilikuwa shimio, zile dawa kali za saratani za kuingizwa mshipani, ya mizunguko michache, halafu mionzi pale kinenani. Walikaa kwa binamu yao huko huko Nairobi. Nywele zilimtoka, akapata vidonda mdomoni, mzunguko wa pili akatapika hata maji. Siku moja aliniambia anaacha. Domitila akamwambia, "Acha basi, halafu utueleze sisi wote kwa nini Mama Zaituni alikimbia na kiatu kimoja." Hakuacha. Kati ya sindano na sindano alikuwa anatunga mitihani ya darasa la sita na kuituma Kizuka kwa simu, mwalimu mwenzake anainakili ubaoni.

Ikafika siku ya picha ya pili, ya kuangalia kama ugonjwa umejibu. Nilijiandaa tangu asubuhi. Nilifua koti langu. Nilichagua kipira cha sindano kizuri. Domitila akaniona nimekishika, akasimama kati yangu na mumewe.

"Hapana, Mama Zaituni. Sindano atapiga mwingine."

Maneno yale yaliniuma, lakini nilisogea. Nikamwita msichana niliyemfundisha mwenyewe, Njeri. Nikamwangalia kwa mbali: akapitisha maji ya chumvi, macho kwenye ngozi, akapapasa, akapitisha tena, ndipo akaingiza dawa. Alipochomoa akaandika kwenye fomu, mkono wa kushoto, hakuna kivimbe. Hakucheka na mtu. Nilijivuna kwa ajili yake na kujionea aibu kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilizidi.

Sisi mafundi hatutoi majibu. Hiyo ni sheria, na msije mkaivunja hata mgonjwa akiwa ndugu yako, hata akikushika mkono. Picha ilipokuwa inajijenga nikaona mapaja yanapita, kinena kinakaribia, nikashika ukingo wa meza. Kinena kikafika. Kikapita. Giza, kama sehemu nyingine zote. Nilitaka kuruka mpaka dari! Badala yake nikatoka koridoni na uso kama ukuta, nikamwambia Domitila daktari atawaita. Alinichunguza usoni muda mrefu akitafuta kitu, na Mungu anisamehe, sikumpa.

Dokta Mutiso aliwaita wote wawili mbele ya kioo chake. Aliniruhusu nibaki, nimesimama karibu na mlango. Akaweka picha mbili kando kando, ya kwanza na ya pili.

"Mwalimu," akasema, "hatuoni ugonjwa."

Evariste alisogeza kiti. Akatazama ile picha ya mwili wake, giza lote, isipokuwa juu na chini. "Na hiki kinachowaka juu?"

"Ubongo. Unakula sukari kila siku, kwa kila mtu."

"Na hiki cha chini?"

"Kibofu. Dawa inatoka kwa mkojo."

Akamgeukia mkewe. "Domitila, umeona? Kimebaki kichwa na mkojo."

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa uliponioa," Domitila akajibu.

Domitila akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo. Akanyoosha kidole, akakiweka kwenye picha ya kwanza, pale kinenani palipokuwa pakiwaka. Kisha akakihamisha kwenye picha ya pili, mahali pale pale, penye giza, akakibonyeza. Hakukitoa. Tulikaa hivyo mpaka Domitila mwenyewe aliporidhika akashusha mkono.

Nilipokuwa namfungulia mlango alisimama mbele yangu. "Murakoze, Mama Zaituni," akanishukuru, akatoka.

Alama ya kidole chake, yenye mafuta kidogo ya mawese ya chakula alichombebea mumewe, ilibaki kwenye kioo kile. Kazi ya kufuta vioo ilikuwa yangu. Nilikuwa na kitambaa mfukoni siku nzima, na sikukitoa.